Shingo ya Nkinda

Pale Mkula watu walikuwa wameacha kumtazama Nkinda usoni, walimtazama shingoni. Vinyama vilikuwa vimemwota pande zote mbili, vyeusi, laini, vingine vidogo kama punje ya mtama, vingine vinaning'inia kama chuchu za mbuzi. Havikumuuma. Kilichomuuma ni siku jirani alipomnyakua mtoto wake kutoka mapajani mwa Nkinda, akasingizia kuwa mtoto ana usingizi, na mtoto mwenyewe yuko macho kabisa, anacheka.

Apolonia, mkamwana wake, aliyaona hayo yote. Alikuwa ameolewa hapo kutoka Lamadi, kwenye ukoo wa wauza dagaa, na tangu aje alikuwa akimwogopa kidogo mama mkwe huyu mrefu, mchache wa maneno. Jioni ile alitegemea kumwona analia. Nkinda alipuliza moto, akafuta macho kwa sababu ya moshi, akasema, "Kesho utanisindikiza Nyashimo. Kuna daktari anayeviondoa hivi vitu."

Habari ikamfikia Magese, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe na msimamizi wa ng'ombe wa boma lote. Asubuhi walimkuta amesimama mlangoni na fimbo yake.

"Mwangaluka, shemeji," alimwamkia.

"Mwangaluka."

"Nasikia unakwenda kukatwa. Hivyo vinyama wameviweka wazee waliotangulia wa boma hili. Ukivikata, ng'ombe watakwisha."

Apolonia aliinamisha kichwa. Hakuwahi kumwona mwanamke yeyote wa pale akimbishia Magese, sembuse mjane. Nkinda aliendelea kufunga kitenge chake taratibu.

"Shemeji," alisema, "wazee hao nimewatunzia boma tangu nikiwa msichana. Kama wana neno nami, waje waseme. Wasining'inie."

Wanawake wale wawili wakapita pembeni ya Magese wakaenda zao barabarani.

Zahanati ilikuwa ndogo, imepakwa chokaa, ina benchi nje. Daktari Matilda, dada mnene mwenye sauti ya chini, aliwaamkia kwa Kisukuma, akampeleka Nkinda dirishani penye mwanga. Alivigusa vile vinyama kimoja kimoja bila kukunja uso. Apolonia alishtuka kugundua kuwa hakuwa amemwona mtu akiigusa shingo ile kwa muda mrefu, hata yeye mwenyewe hakuwahi. Aibu ikampanda.

"Hii ni ngozi tu, mama," Matilda alisema. "Ngozi imesuguana na ngozi, umri nao umeongezeka, basi. Wapo wengi walio navyo, ila wanavificha chini ya nguo. Wakati mwingine vinafuatana na sukari, kwa hiyo nitakutoboa kidole kwanza nikupime."

Sukari ikawa sawa. Matilda akaandaa mkasi mdogo, sindano ya ganzi, na kifaa cha umeme cha kuunguza ili damu isivuje.

"Kata kimoja," Nkinda alisema. "Nikione, ndipo nitakuambia uendelee au uache."

Matilda hakubisha. Alichoma ganzi, akakata, akakiweka juu ya pamba. Nkinda alikichukua kiganjani, akakigeuza kwa kidole, akakitazama kama anavyotazama mbegu kabla ya kupanda.

"Hiki ndicho kilichowafanya wanikimbie na watoto wao?"

"Ndicho hicho, mama."

"Endelea."

Chumba kilijaa harufu kama ya nywele zilizoungua. Apolonia aliziba pua, ila mama mkwe alikaa wima, shingo ameinyoosha, hadi kazi ikaisha. "Wabeja, mwanangu," alimshukuru daktari, na alipotoka nje akaomba wapite sokoni kununua nyanya, kama mtu aliyekwenda Nyashimo kwa ajili ya nyanya.

Vidonda vilikuwa bado havijakauka ndama mmoja alipokufa.

Watu walijaa uani. Hakuna aliyemtaja Nkinda, lakini macho yote yalikuwa kwenye plasta za shingoni mwake. Apolonia alijua shutuma za namna ile, hata zisiposemwa, zinavyoweza kumfikisha mjane pabaya. Nkinda alitoka ndani, akapita katikati yao, akapiga magoti kando ya mzoga, akapapasa chini ya masikio.

"Amevimba hapa," alisema. "Apolonia, mpigie simu bwana mifugo."

Bwana mifugo Josia alikuja na pikipiki. Alipapasa palepale, akafunua sikio lililojaa kupe. "Ndigana hii, ugonjwa wa kupe. Mmeogesha lini hawa ng'ombe?"

Kuogesha ilikuwa kazi ya Magese, na kila mtu alilijua hilo. Apolonia alisubiri mama mkwe aseme neno; sentensi moja tu ingetosha kumwangusha yule mzee mbele ya majirani. Nkinda alijifuta mikono kwenye kitenge.

"Tuwaogeshe leo," alisema. "Wote tushike. Shemeji, wewe uanze na wale madume, wanakusikia wewe."

Magese akaenda. Hata wale waliokuja kusikiliza shutuma walijikuta wanabeba ndoo. Apolonia naye alikuwa amelowa dawa hadi kiunoni, anamshika mtamba pembe, na hofu yake kwa mwanamke yule ilikuwa imegeuka kitu kingine kabisa. Alimwita "mayu", mama, na kwa mara ya kwanza hakulitamka kwa sababu ya desturi.

Hakufa ndama mwingine. Mvua zilipoanza, Magese alikuja jikoni mwa Nkinda, akakaa kwenye kigoda, akasifia mahindi, akalalamikia bei ya pamba. Mwishowe akashusha sauti.

"Shemeji, ile sindano ya ganzi. Inauma sana?"

Nkinda alimtazama.

"Kiko kwapani," Magese alisema. "Kipo tangu zamani. Shati linakisugua."

Apolonia alikimbilia nje kwenda kuchekea huko. Aliporudi, mama mkwe alikuwa anamweleza Magese jinsi ya kufika kwa Daktari Matilda, polepole, bila tabasamu hata dogo.

"Inauma kidogo," alisema. "Nitakusindikiza."