Mama Zina Ataka Machozi

Zinaida Lobanova aliongoza michezo ya kuigiza kwa miaka ishirini na minane katika mji mmoja wa Urusi kando ya mto Volga, mpaka asubuhi alipoamriwa afute jina la mwigizaji mmoja kwenye mabango. Kijana huyo alikuwa ametamka hadharani kwamba anapinga vita. Zinaida alikataa. Kufikia jioni alikuwa amenyang'anywa funguo za ukumbi.

Aliyemleta Durban, Afrika Kusini, ni Sébastien Nshimirimana, Mrundi aliyesomea uhandisi katika mji uleule, na enzi hizo hakukosa mchezo wake hata mmoja. Siku hizi Sébastien anatengeneza friji mtaa wa Point. Alimtafutia chumba jirani, na kabla mwezi haujaisha Zinaida, mwanamke wa miaka sitini na mitatu, alikuwa amekusanya watu saba katika ukumbi wa kanisa, Warundi watano na Watanzania wawili. Miezi ya kwanza Sébastien alitafsiri. Baadaye Kiswahili cha hao watu kikamwingia kidogo kidogo, na neno alilolishika kuliko yote lilikuwa "tena".

Bernadette, muuza mboga wa kitongoji cha Isipingo, aliigiza mama anayeagana na binti yake anayekimbia nchi. Jumamosi moja Zinaida alimrudisha mara kumi na tisa.

"Tena. Machozi iko wapi?"

Bernadette akatupa kitenge chini. "Mama Zina, hiyo machozi unatafuta haiko. Niliimaliza Bujumbura." Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Zilibaki wiki mbili kabla ya maonyesho. Annick, aliyeigiza binti, akapendekeza wakiruke kipande hicho.

"Hapana," Zinaida akasema. "Bernadette atarudi."

Jumatatu asubuhi alipanda teksi hadi Isipingo. Bernadette alimwona, akaendelea kupanga nyanya kama hakuna mtu. Zinaida hakuwa na maneno ya kutosha ya kuomba radhi. Alivuta kreti, akaketi, akaanza kufunga mafungu ya mchicha. Adhuhuri ilipita akiwa bado anafunga.

"Siku uliondoka," akauliza hatimaye, "mama yako alilia?"

"Alilia?" Bernadette alicheka kwa uchungu. "Aligombeza! Nilifunga mzigo vibaya, sufuria inapiga kelele. Akasema mtu mzima gani hajui kufunga mzigo. Akafungua, akafunga upya. Basi ikakuja, nikapanda. Sikumwona tena."

Zinaida aliona haya. Miaka yote ile ya kazi, na bado alikuwa akimdai mtu kilio alichokiona yeye kwenye majukwaa ya wengine.

"Gombeza," akasema polepole. "Jumamosi kuja, gombeza binti."

Bernadette akamsogezea chupa ya maji.

Wiki hiyohiyo simu ikapigwa kutoka Urusi. Mkurugenzi mpya wa ukumbi wake wa zamani alimwambia kwamba nafasi yake ipo, ilimradi aandike barua fupi ya kukiri kuwa alikosea kuhusu lile jina. Zinaida alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sikukosea," akajibu, akakata simu.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama ukutani. Bernadette aliingia, akauona mzigo wa Annick, akashika kiuno. "Ndiyo kufunga gani huku? Eh? Nimezaa mtu ama nimezaa mbuzi?"

Watu wakaangua kicheko. Akapiga magoti, akafungua fundo, akalifunga upya, mdomo haupumziki, mikono ikizidi kwenda polepole. Kicheko kikapungua safu baada ya safu, mpaka ikasikika sauti yake peke yake ikigombeza.

Watu walipoanza kutoka, Sébastien alimsogelea Zinaida, akamwuliza kwa Kirusi kama hajutii kuikataa ile nafasi.

"Annick alitoka jukwaani kwa upande usiofaa," Zinaida akajibu, macho yakiwa bado jukwaani. "Niitie kabla hajapanda teksi."