Kidonda cha Bwana Harusi

Kila mtu alimwita Shangazi, hata daktari aliyemzidi umri. Kazi yake kwenye makao yale ya wanyama ilikuwa kuosha vidonda, na alikuwa na mkono mwepesi ajabu. Mbwa, mbuzi, punda, wote walitulia alipowagusa.

Makao yaliendeshwa kwa msaada wa wafadhili, na wafadhili walikuwa na kanuni moja isiyopindika: mnyama akipona, arudi kwa mwenyewe, ampishe mgonjwa mwingine.

Ndiyo maana kidonda cha Bwana Harusi kilikuwa hakiponi.

Bwana Harusi alikuwa punda, na jina alilipata kwa mwendo wake wa maringo. Aliletwa akiwa na shimo mgongoni linaloingia ngumi, kwa kuwa mwenyewe alimfungia mkokoteni wa matofali juu ya nyama mbichi. Shangazi alimtibu miezi minne. Mwezi wa tano, kidonda kilipoanza kufunga, alichukua brashi ya waya ya kusugulia sakafu. Tangu hapo, kila asubuhi ya ukaguzi wa wafadhili, alikifungua upya. Punda hakumpiga teke hata siku moja. Alitetemeka tu, kisha akamwegemezea kichwa kifuani.

"Nisamehe, mume wangu," alimwambia. "Bora mimi kuliko yule."

Yule mwenye punda hakukosa siku ya ukaguzi. Alikaa nje ya geti, matandiko begani, akipiga kelele: "Shangazi! Mchumba wetu hajambo?"

Mwezi wa tisa, daktari wa wafadhili alikitazama kidonda, akatikisa kichwa, akafungua mkoba.

"Huyu haponi tena. Wagonjwa sita wanangojea nafasi yake. Tumpumzishe."

"Mwezi mmoja tu, Daktari."

"Mwezi uliopita ulisema hivyo hivyo."

Akavuta dawa kwenye sindano. Bwana Harusi alikuwa akitafuna majani, hana habari. Daktari alipoishika shingo yake, Shangazi akamdaka mkono.

"Amepona! Amepona zamani! Ni mimi ninayemkwangua kwa brashi!"

Daktari alimkodolea macho. Kisha akapapasa mgongo wa punda kwa vidole viwili, taratibu. Chini ya damu ya asubuhi ile, nyama ilikuwa imeshikana, ngumu, nzima. Akairudisha sindano mkobani. Shangazi akashusha pumzi.

"Mwiteni mwenye punda," daktari akasema.

"Si anatoka damu, Daktari!"

"Mkwaruzo huo. Utakauka njiani."

Mwenye punda aliingia akicheka. Alipoelezwa, kicheko kikamkauka, akamtazama Shangazi kutoka juu hadi chini.

"Kumbe tu wamoja," akasema. "Ila mimi namtoa damu ili wanangu wapate kula. Wewe mwenzangu ulikuwa unakula nini?"



Bwana Harusi alipomtambua mtu yule, alikaza miguu minne, akagoma. Fimbo ikainuliwa. Daktari akaizuia kwa kiganja.

"Hakuna haja ya fujo. Shangazi, mshike kichwa. Wewe anakuamini."

Akamshika. Punda akamwegemea kifuani kama kawaida yake, masikio yakalala, mwili ukalegea. Mwenye punda akamrushia matandiko mgongoni, akaukaza mkanda juu ya damu, tundu kwa tundu, bila haraka.

"Asante, dada," akasema. "Umenirahisishia."