Rafu ya Mke wa Vichwa

Wateja walimwita Vichwa, na jina likamganda. Muuza magazeti huyu alisoma vichwa vya habari tu, basi. Kwa vichwa hivyo hivyo aliweza kubishana na mtu yeyote juu ya jambo lolote, kuanzia bei ya saruji mpaka magonjwa ya ng'ombe, na mara nyingi alishinda. Habari yenyewe aliwaachia walionunua. "Mimi nauza, sisomi," alisema, utadhani kusoma kungemwongezea kodi.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara, na kaunta ya mbao iliyolainishwa na viwiko vya watu. Alilifungua kabla ya jua kuchomoza, Jumapili nazo zikiwemo, tangu kifungua mimba wake hajazaliwa. Kila mkewe alipotaja safari, hata ya kwenda kulala mahali usiku mmoja tu, jibu lilikuwa tayari: "Na duka nani atafungua?" Mke aliahirisha safari, wakaendelea kupendana. Walipendana kweli, hilo mtu asilitie shaka. Lakini kuna wanaume wakishapendwa hujiona wamemaliza kazi, na Vichwa alikuwa mmoja wao.

Mkewe ndiye aliyeleta majarida ya ajabu dukani. Mteja mmoja alikuwa amesahau jarida lake pale kaunta, nene, la karatasi ya kukwaruza kidogo, halina tangazo hata moja la sabuni wala la simu. Lote lilihusu milango: milango ya watu wa kawaida, nani aliichonga, nani aliipaka rangi ile na kwa nini. Mke alilisoma huku sufuria iko motoni, sufuria ikaungua. Mwenye jarida aliporudi kulidai, mke alikuwa ameshanakili anwani ya waliolitoa. Akawaandikia, nao wakamtajia wenzao. Kumbe walikuwapo wengi, watu wawili watatu huku na kule, wakitoa majarida yao wenyewe kwa fedha za mfukoni: moja la safari za miguu, moja la vyombo vya jikoni na walioviunda, moja la viti.

"Gazeti la viti!" Vichwa alicheka mpaka akashika kaunta. "Mama, nani asiyejua kiti?"

"Wewe," mkewe alimjibu. "Umekalia kimoja miaka yote hii, hujui hata nani alikitengeneza."

Vichwa alimwachia rafu ya kati, kwa mapenzi zaidi kuliko kwa imani. Jipya kuliko yote pale lilikuwa jarida liitwalo Kumbe, lililotolewa na mwalimu wa uchoraji aliyeishi mtaa wa pili. Mwalimu alilishona kwa uzi nyumbani kwake, akachonga mihuri ya mbao, akagonga michoro kwenye majalada kwa mkono. Hakuna nakala iliyofanana na nyingine. Mchoro ulianzia upande wa ndani wa jalada, ukamalizikia ukurasa wa kwanza. Mwezi mzima mkewe alimsogezea Kumbe chini ya pua. "Hebu fungua hili, mzee wangu." "Nitafungua," alisema Vichwa, akalinyoosha kona, akalirudisha rafuni.

Mwisho wa mwezi dada wa mkewe akajifungua, na mama akaenda kumsaidia. Alikwenda peke yake, maana duka nani angefungua. Mlangoni aligeuka. "Nikirudi niikute rafu yangu kama nilivyoiacha."

"Niiguse nina wazimu?"

Hakuwa na wazimu. Alikuwa na mazoea, na hayo ndiyo mabaya zaidi. Kila mwisho wa mwezi, jarida ambalo halikuuzwa halirudishwi zima kwa wakala anayelisambaza. Wakala hataki kubeba uzito. Anataka jalada la juu tu, kama ushahidi kwamba halikuuzwa. Kwa hiyo muuzaji hukaa chini, akachana majalada, akayafunga fungu, na yanayobaki hufungia watu karanga na misumari. Vichwa alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Kidole gumba hapa, kiganja pale, chwaa! Alichana huku anabishana na fundi viatu wa ng'ambo ya barabara kuhusu mpira. Akamaliza rafu ya juu, akahamia ya kati. Chwaa, chwaa. Ubishi ulimnogea.

Asubuhi iliyofuata dereva wa wakala alipekua fungu, akatoa kitita na kukirudisha mezani. "Haya si yetu, mzee."

Vichwa aliyatazama. Michoro ya mihuri, myekundu na ya samawati, kingo zimeachia nyuzi. Rafu ya kati ilikuwa tupu kuanzia huku mpaka huku, majarida yako sakafuni yamevuliwa nguo, yanangoja karanga. Yale mengine yalikuwa yamechanika vibaya kiasi, lakini nakala za Kumbe, uzi ulikuwa umeng'oka na kurasa zimelegea. Na mkewe alikuwa anarudi siku hiyo hiyo, mchana.

Kwanza alifikiria kumsingizia panya. Kisha akafikiria kusema ameuza yote, akaona hapo atadaiwa maelezo ambayo hana. Mwishowe akanunua gundi.

Sasa hapo ndipo alipopatikana. Kwa kuwa kila jalada lilikuwa na mchoro wake, lilitaka jarida lake lenyewe. Ukilibandika kwenye la mwenzake, ndege anapata mkia wa samaki. Alimpata ndege mwenye mkia wa samaki mara mbili. Ikabidi afungue kila nakala, aitazame, ailinganishe. Mtu aliyeuza karatasi maisha yake yote alikuwa hajawahi kufungua karatasi nyingi hivyo kwa mkupuo mmoja. Fundi viatu alikuja kuchungulia, akaona gundi imefika mpaka kwenye nyusi, akarudi zake kimya. Ni rafiki wa kweli.

Moja aliliweka mapajani akilikandamiza likauke, na kwa vile mikono ilikuwa na kazi na macho hayana, macho yakasoma. Kichwa cha makala kilisema: "Safari ya Kutoka Kitandani Hadi Dukani". Chini yake palikuwa na jina la mwandishi. Lilikuwa jina la mkewe. Si "mama" wala "mke wa Vichwa", bali jina lake kamili pamoja na la baba yake, ambalo Vichwa alikuwa hajaliona limeandikwa tangu siku ya ndoa yao.

Alisoma kichwa hicho tena. Halafu, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, akaendelea chini.

"Mume wangu huniletea dunia kila alfajiri, imefungwa kwa kamba," aliandika mkewe. "Huikata kamba, huipanga dunia kwa ukubwa, huinyoosha kona kama anayemvisha mtoto wa shule, kisha huiuza bila kuifungua. Nimesafiri naye njia hii ya kutoka kitandani hadi dukani mara nyingi kuliko baharia yeyote, na sijaichoka, kwa kuwa yeye hutembea mbele akiniondolea mawe gizani, anadhani sioni. Lakini ningependa siku moja aniulize ninataka kwenda wapi. Si lazima twende. Aulize tu."

Vichwa alivua miwani. Akaivaa. Akasoma yote upya, taratibu, midomo ikicheza. Alikumbuka mwezi mzima wa "hebu fungua hili", akaona aibu iliyomshika masikio. Alikuwa amemchania mkewe kitu cha kwanza alichowahi kuchapisha maishani, na alifanya hivyo akizungumzia penalti.

Mama alipofika, begi begani, alimsikia mumewe kabla hajamwona. Alikuwa amemshika mteja aliyekuja kununua gazeti la michezo.

"La michezo utalikuta hata kesho. Chukua hili. Ukurasa wa kumi na mbili, ameandika mke wangu. Mimi mwenyewe nimo humo, ninaondoa mawe. Gundi haijakauka, lishike hapa chini."

Mteja alilipa, labda kwa woga. Mama aliingia, akaitazama rafu yake: majalada yamekwenda upande, mengine yamevimba, moja limebandikwa kichwa chini.

"Umeyachana."

"Nimeyachana."

"Yote?"

"Yote, mama. Nilikuwa nabishana." Alisimama mbele yake mikono imenata, kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari. "Nimeshamwendea Mwalimu. Nimemwambia. Alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akasema nimpelekee yaliyoharibika sana, ashone upya na mimi nimshikie uzi. Nitakwenda. Lakini mama, kwa nini hukuniambia limo jina lako?"

"Ningekuambia ungelisoma kwa sababu yangu. Nilitaka ulifungue kwa sababu yake."

Vichwa alijifuta gundi mikononi. Alimpokea begi. Akamvutia kiti. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo si ya kuuzia magazeti:

"Unataka kwenda wapi?"

Mama alifungua mdomo. Jibu alidhani analo tangu ujana wake, alilala nalo na kuamka nalo, na sasa alipoulizwa halikutoka. Machozi ndiyo yaliyotoka. "Sijui," alisema, akicheka katikati ya machozi. "Sikutegemea kabisa utauliza. Sijui, mume wangu."

"Basi tutafute."

Akateremsha majarida yote ya rafu ya kati, lile la milango, la safari za miguu, hata la viti, akayatandaza kaunta nzima juu ya magazeti ya siku hiyo. Wakainama pamoja, ukurasa kwa ukurasa, vichwa vikigusana. "Hapa?" "Hapana, baridi." "Hapa je?" Nje mteja alikohoa, akagonga kaunta, akakohoa tena. Mwishowe alijichukulia gazeti mwenyewe, akaacha fedha ukingoni mwa kaunta, akaenda zake.