Maji ya Mlango wa Nyuma

Mwaka ule ziwa lilirudi nyuma. Liliondoka polepole, kama mtu anayenyata kutoka chumba cha mgonjwa, mpaka asubuhi moja watu wa Nakuru wakaamka na kuona uwanda mweupe mahali palipokuwa na maji. Upepo ulipoanza kuvuma adhuhuri, uliinua vumbi la magadi ukalimwaga juu ya mji mzima: juu ya mabati, juu ya reli, juu ya kope za watu. Mchana ukawa na rangi ya maziwa. Ulimwona mtu akija kwa mbali, akafifia, kisha akatokea tena karibu yako, mweupe kama aliyetoka usingizini mwa mtu mwingine. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mzungu bado ameshika nchi, na hata wakongwe walikiri kwamba kiangazi cha namna ile hawakukijua.

Obeid alikuwa mkalimani wa korti. Alizaliwa katika mtaa wa Bondeni, kwa watu ambao babu zao walipanda bara kutoka pwani pamoja na reli wasirudi tena. Alikuwa na Kiswahili cha nyumbani, Kikuyu alichokiokota sokoni akiwa mdogo, Kinandi cha kujikimu na Kiingereza cha shule. Kwa miaka kumi na mmoja alisimama kati ya kizimba na kiti cha hakimu akisema maneno ya wengine, tena kwa desturi ya kazi ile akiyasema kana kwamba ni yake. "Niliiba ng'ombe," angesema, naye hajaiba. "Sikumpiga," angesema, wala hakuna aliyemshtaki. Kuna siku alirudi nyumbani akakaa kitako kwenye mkeka, akingoja sauti yake mwenyewe imrudie.

Mtaa mzima uliokuwa chini ya reli ulikuwa na mfereji mmoja, na ufunguo wa mfereji ulining'inia shingoni mwa Micah, msimamizi aliyewekwa na serikali. Mfereji ulifunguliwa asubuhi na alasiri. Watu hawakuchukua muda kujifunza kulisoma jicho la Micah. Aliyekuja na kuku, debe lake lilijaa. Aliyekuja na kikapu cha njegere, lilijaa. Aliyekuja mikono mitupu alisimama juani mpaka zamu yake ifike, kisha Micah akafunga na kusema kwa upole, "Maji yamekwisha, mama. Jaribu kesho."

Lakini nyumbani kwa Obeid maji yalikuja yenyewe. Kila alfajiri palikuwa na madebe mawili kwenye mlango wa nyuma, yamejaa hadi ukingoni, yamefunikwa kwa majani ya mgomba yasiingie vumbi. Siku ya kwanza mkewe, Kadija, aliuliza, "Nani kaleta?"

"Micah ni muungwana," Obeid alimjibu. "Anajua mimi ni mtu wa korti, sina saa za kupanga foleni."

Baada ya hapo hawakulizungumza tena. Kadija alikuwa na mirehani yake kwenye makopo uani. Bondeni yote ilipogeuka nyeupe, mirehani ile ilibaki kijani, ikinukia. Wanawake waliopita na madebe matupu waliisikia harufu, wakageuza nyuso, wakaenda zao.

Kulikuwa na mwanamke kijana aitwaye Wanjugu. Mumewe, Waithaka, alifanya kazi katika shamba la kahawa la mzungu huko Subukia, akija nyumbani mara moja kwa mwezi. Wanjugu alikuwa na mimba ya miezi saba. Siku tatu mfululizo Micah alimwambia maji yamekwisha. Siku ya tatu akaongeza kwamba leso aliyojifunga ilikuwa nzuri, na mke wake angeipenda. Wanjugu alibeba debe mgongoni, akapitisha kamba kwenye paji la uso kama walivyofanya wanawake wa kwao, akashika njia ya chemchemi iliyobaki ukingoni mwa ziwa, ng'ambo ya ule uwanda mweupe.

Kwenda alifika. Kurudi, na debe limejaa, hakufika. Wachunga mbuzi walimkuta jua likiteremka, ameketi kwenye magadi, mtoto amefungwa katika ile leso. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia hata mara moja.

Wanawake wa mtaa hawakupiga mayowe. Walikwenda kwenye ofisi ya serikali, wakaketi uani, kila mmoja na debe tupu mbele yake, wakanyamaza. Walikaa siku mbili hivyo hivyo, vumbi likiwapaka mpaka wakafanana wote. Makarani waliochungulia dirishani walisema baadaye kwamba kelele wangeziweza, kimya kile hawakukiweza. Siku ya tatu Micah akavuliwa ufunguo na kushtakiwa.

Kesi ilipokaribia, Micah, aliyekuwa nje kwa dhamana, alifika kwa Obeid. Hakupita mbele. Alipita nyuma, kama maji yake.

"Bwana Obeid," alisema, "hakimu huyu ametoka kwao juzi, hata 'karibu' haijui. Maneno yote ni yako. Yule mwanamke akisema niliitaka leso yake, wewe sema alinitukana. Neno moja tu. Sijakuomba kitu tangu tufahamiane."

Obeid alimtazama. Hakusema ndiyo, hakusema la. Micah akakichukua kimya hicho kuwa ahadi, akainama kwa adabu, akaondoka.

Kadija alikuwa jikoni, na ukuta wa jikoni ulikuwa wa mabati matupu. Akatoka na birika mkononi.

"Baba Mboni," alimwambia mumewe taratibu, "miezi hii yote nimekuwa nikitawadha kwa maji ya nani?"

Obeid alivaa viatu vyake akatoka, akatembea mpaka mji ukaisha.

Siku ya kesi, vumbi liliingia mpaka kortini. Lilielea katika mwanga wa madirisha kana kwamba chumba kizima kimezama kwenye maji meupe na watu waliojazana humo wanapumua chini yake. Hakimu, kijana mwenye shingo iliyobabuka kwa jua, aliandika kila kitu kwa mkono wake. Kando yake waliketi wazee wawili washauri wa korti, na mmoja wao alikuwa Mzee Kahiga, mhunzi wa zamani.

Wanjugu alisema yake kwa Kikuyu, sauti ikiwa chini. Obeid aliyafuata maneno yake moja baada ya jingine. "Aliniambia maji yamekwisha, nami niliyasikia yakidondoka nyuma yake." Akalisema hivyo. "Aliitaka leso yangu." Akalisema hivyo hivyo. Kizimbani, Micah aliinua kichwa.

Zamu yake ilipofika alizungumza Kiswahili, kwa hiyo kila mtu mle ndani alimwelewa ila mmoja.

"Ninyi mnanitazama kama fisi," alisema. "Haya. Lakini muulizeni na huyu anayenisemea. Kila alfajiri madebe mawili, mlango wa nyuma. Alinipa nini? Hakunipa kitu. Nilikuwa nikimweka akiba kwa siku kama ya leo."

Hakimu aliweka kalamu tayari juu ya karatasi, akamgeukia mkalimani. "Anasema nini?" aliuliza kwa Kiingereza.

Obeid aliona midomo ya karani wa korti ikitikisika, na kutoka mbali, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto, akasikia, "Sema anaomba msamaha. Yaishe." Aliona kwamba ingewezekana. Watu wote wale wangeukisia uongo wake, na hakuna hata mmoja ambaye angeinuka. Wangerudi nyumbani wakijua tu. Mambo mengi nchini yalikaa hivyo, yanajulikana na yamenyamaziwa.

Akamtafuta Wanjugu kwa macho. Wanjugu hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akiitazama bilauri ya maji iliyokuwa juu ya meza ya hakimu.

"Nilimpelekea mkalimani wako maji," Obeid alisema kwa Kiingereza, kwa desturi ya kazi yake, akiwa Micah. "Kila alfajiri, madebe mawili, ili siku nitakaposhtakiwa anisaidie." Kisha akasema kitu ambacho katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kukisema mle ndani, maneno yaliyokuwa yake. "Na hayo ni kweli, Bwana Hakimu. Niliyanywa. Nilijua yanatoka wapi."

Akayarudia kwa Kiswahili, kisha kwa Kikuyu, ili yasimpite mtu.

Kesi iliahirishwa. Aliletwa mkalimani mwingine kutoka Naivasha, na Obeid aliporudi mle ndani alisimama upande wa mashahidi. Hatia ya Micah ilipothibitika, hakimu aliwauliza wale wazee wawili wanaonaje juu ya adhabu. Mzee wa kwanza alisema Micah afungwe miaka mingi. Aliyeiba mbuzi mmoja anafungwa; itakuwaje aliyeiba maji ya watu wote?

"Jela ni ficho," alisema Mzee Kahiga. "Mkimfunga mnatuondolea macho yake, naye mnamwondolea yetu. Atakula cha serikali, atapiga mawe, atatoka. Mimi ningempa madebe. Achote kule chemchemini kwa mabega yake, mchana watu wakiona, apeleke kwenye kila mlango alioufungia. Afanye hivyo mpaka mvua inyeshe. Na huyo atakayepewa ufunguo baada yake awe anamwona akipita. Mtu haogopi sana jela ambayo hajaiona. Anaogopa kutazamwa."

Hakimu aliyaandika maneno yale yote. Kisha akasema, bila dharau, kwamba kitabu chake cha sheria hakina adhabu ya namna hiyo, akampa Micah miaka miwili na kazi ngumu. Obeid alifukuzwa kazi. Hakushtakiwa, kwa kuwa alitoa ushahidi. Alitoka nje kwenye vumbi, hakuna askari aliyemshika mkono, na jambo hilo lilimwelemea kuliko alivyotazamia.

Siku nne alilala kifudifudi. Aliota akiwa macho, maji yakipanda polepole mlangoni kwake, yakiingia, na juu ya maji wanawake weupe wameketi na hawazami. Siku ya tano Kadija aliyachukua makopo ya mirehani akayapeleka kwa majirani, moja moja, akieleza kwenye kila mlango yalimwagiliwa kwa maji ya nani. Aliporudi alimkuta mumewe uani akichonga mti wa mzega, ule wa kuning'iniza debe kila ncha na kuubeba begani.

"Alihukumiwa Micah, si wewe," Kadija alisema.

"Adhabu hii hakupewa mtu. Mzee Kahiga alisema tu, yakaandikwa kitabuni. Nimeona nisiyaache humo."

Kadija alimkunjia kitambaa cha kuweka begani.

Watu walimwona. Haikuwezekana wasimwone: Bwana Obeid wa korti, mwenye mashati ya pasi, akija kutoka kwenye uwanda mweupe huku mzega ukimyumbisha. Kwanza walicheka. Kisha wakawa wanatoka milangoni kumtazama, bila kicheko, na wazazi wengine wakiwaita watoto waje waone.

Mlango wa kwanza alioufikia ulikuwa wa Wanjugu.

"Sikukuomba," Wanjugu alisema.

"Najua."

"Weka hapo."

Aliyaweka. Wanjugu akayainua madebe, moja kisha la pili, akayamwaga ardhini mbele yake, taratibu. Ardhi iliyanywa yote. Obeid akachukua mzega akarudi chemchemini. Siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu Wanjugu alimwaga moja, la pili akalishika muda mrefu, akaliingiza ndani.

Ufunguo wa mfereji alikuwa amepewa mtu mwingine, Abdisalam, kijana mpole aliyependa kusifiwa. Mfereji ulitoa maji machache, na wazee na wagonjwa walikuwa hawawezi kusimama foleni, kwa hiyo safari za Obeid hazikukosa mlango wa kwenda. Kila siku alipita mbele ya Abdisalam. Asubuhi moja, palipokuwa bado hapajafika watu, Abdisalam alimwita.

"Mzee wangu, bega limekuvimba. Jaza hapa. Hakuna atakayejua."

Obeid alisimama, jasho na magadi vimemkaukia usoni. Alimtazama kijana yule kama anayemkumbuka mahali.

"Mimi nilianza hivyo hivyo," alisema, akaenda zake.

Abdisalam aliuficha ufunguo ndani ya shati. Inasemekana tangu siku ile alipanga mawe chini kuonyesha zamu za watu, na dadake mwenyewe akasimama kwenye jiwe lake kama wengine.

Mvua ilifika mwishoni mwa Machi, kwanza kama harufu, kisha kama mngurumo kutoka upande wa Kiamunyi. Ziwa likaanza kurudi, likiutafuna uwanda kila siku kidogo. Obeid aliusimamisha mzega ukutani. Korti haikumwita tena, naye hakuomba. Alipata meza na kiti chini ya baraza la duka moja karibu na soko, akawa mwandishi wa barua za watu.

Siku moja ya mawingu Wanjugu alisimama mbele ya meza ile. Alikuwa amekonda, na leso yake ilikuwa nyingine.

"Nataka kumwandikia Waithaka, huko Subukia," alisema. "Uandike kama ninavyosema."

"Nitaandika kama unavyosema, mama."

Akasema kwa Kikuyu, akitulia kila baada ya maneno machache. Alisema amepanda maharagwe. Alisema ukuta wa nyuma umeanguka kwa mvua na jirani amesaidia kuusimamisha. Alisema amepeleka mawe mahali alipolala mtoto, kwa sababu maji yanakaribia, na kwamba Waithaka asiende peke yake huko kabla hawajaenda wote wawili. Obeid aliandika. Kalamu ilisimama mara moja, kisha ikaendelea.

"Nisomee," Wanjugu alisema.

Alimsomea mwanzo hadi mwisho. Wanjugu alisikiliza akiwa amefumba macho, kichwa ameinamisha upande mmoja.

"Pale ulipoandika 'jirani'," alisema, "andika jina lake, Waithaka ajue wa kumshukuru. Ni Wamaitha."

Obeid akaandika Wamaitha, akapuliza wino, akaikunja karatasi na kumpa. Wanjugu aliiweka kifuani na kutoka barazani. Matone yalikuwa yameanza kuanguka tena, naye hakuharakisha.