Chewa Waliohamia kwa Gunnvor

Gunnvor Hansvik alikuwa akimenya viazi jikoni samaki aina ya chewa walipobisha hodi. Ulikuwa mwezi wa Machi, msimu wao wa kutaga mayai, na tangu Jumatatu meli ya kampuni ya mafuta ilikuwa ikipiga mizinga ya hewa kwenye sakafu ya bahari ili kujua pa kuchimba. Kote Skarvøya, kaskazini mwa Norwe, vikombe vilikuwa vikitetemeka kabatini. Gunnvor alifungua mlango, akawaambia wajipanguse mchanga, akawaonyesha bafu. Hodhi lilipojaa, waliobaki aliwapanga kwenye ndoo.

Kaka yake, Eldar, alirudi na nyavu tupu. Alikuwa mvuvi tangu ujana, na msimu huo hakuwa amepata hata samaki wa kitoweo. Alisimama mlangoni mwa bafu akiwatazama.

"Nichukue mmoja tu," alisema. "Yule mnene. Wenzake hata hawatajua."

"Hao wamenikimbilia mimi. Mguse mmoja, uone kama utakula tena hapa."

"Basi nile nini, dada?"

"Kisu hicho hapo. Menya viazi."

Alhamisi halmashauri iliita mkutano. Chewa walimfuata Gunnvor, wakakaa safu ya nyuma. Mhudumu alitandaza magazeti chini ya viti ili sakafu isilowe. Mtu wa kampuni alieleza kwa upole kwamba jukwaa la kuchimbia lingeleta ajira, tena lingeendeshwa kwa umeme safi wa mto wao wenyewe, uliopitishwa kwenye waya baharini.

Gunnvor, aliyekuwa amefundisha shule ya hapo mpaka akastaafu, alisimama.

"Niliomba nyufa za madirisha ya shule zizibwe, maana watoto wanasoma na makoti. Mkasema hakuna haja, umeme wa kupashia joto upo tele. Nikaomba mitambo ya upepo, mkasema itaharibu mandhari. Leo umeme huohuo unakwenda kuchimba mafuta, na hilo dude la chuma haliharibu mandhari? Aslak, hesabu nilikufundisha mimi. Hii ulifundishwa na nani?"

Watu walicheka. Aslak, mwenyekiti wa halmashauri, alicheka pia, akamshukuru mwalimu wake, kisha akawatazama chewa. Alisema kuwaona pale, wazima na watulivu, ni ushahidi kwamba samaki huzoea. Hoja hiyo iliandikwa, na kibali kikapita.

Eldar alimsaidia dada yake kuwabeba waliochoka njiani.

Kiangazi kampuni ilimletea Gunnvor hodhi kubwa zaidi, lenye nembo ya kampuni hiyo, kama mchango kwa jamii. Alitaka kulirudisha, lakini mayai yalikuwa yameanguliwa na nafasi ilikuwa imekwisha. Aliisugua nembo mpaka vidole vikatoka damu. Haikufutika. Vitoto vya chewa vilikulia humo, vikiizunguka, na vuli jukwaa likaonekana dirishani, taa zake zote zikiwaka mchana kweupe.