Choo cha Baba Mkwe

Shimo la choo alilichimba Zablon, lakini udongo wote aliutoa mkewe, Sidonia, ndoo baada ya ndoo. Ni yeye pia aliyebeba maji ya kukandia matope kutoka kisimani, akakandika kuta, akaezeka nyasi, na mwisho akatundika kibuyu chirizi cha kunawia mikono mlangoni na kipande cha sabuni pembeni. Bwana afya alipopita kijijini kwao, ng'ambo ya majaruba ya Bahi, aliisifu kaya ile mbele ya majirani. Sifa alizipokea mzee Matonya, baba yake Zablon, akiwa ameketi kwenye kigoda chake.

Mgeni alipoondoka, mzee alimwita mwanawe. Sidonia alikuwa anapepeta uwele palepale uani, na mzee alijua anasikia.

"Mwambie mkeo, mkwe haingii ninapoingia mimi. Ni aibu."

"Sawa, baba," Zablon akajibu.

Walipobaki wawili, Sidonia alimuuliza mumewe yeye ataenda wapi.

"Kwani siku zote ulikuwa unaenda wapi?" Zablon akasema, wala hakusema kwa ubaya.

Basi Sidonia akaendelea kwenda kujisaidia shambani. Mtama uliposimama ulimsitiri. Ulipovunwa na ng'ombe wakaachiwa mabua, hapakubaki hata pa kuchuchumaa, akajizoeza kutokunywa maji mchana. Mkojo ukaanza kumchoma. Nesi wa zahanati akamwambia anywe maji mengi, naye akaitikia kwa kichwa, akarudi nyumbani. Binti yake, Violeth, aliingia chooni apendavyo, kwa kuwa mjukuu hana mwiko na babu yake. Sidonia alimngoja nje na kuhakikisha ananawa.

Masika yalipokuja, maji yalishuka kutoka mashambani yakaingia kisimani na kila kitu yalichokikuta njiani. Sidonia alijua yamekuta nini. Akawa anachemsha maji ya kunywa. Mzee alikataa, akasema yananuka moshi, akanywa ya kisimani.

Kuhara kulimwangusha. Mke wa mzee alikwishafariki, na Zablon aliishia kusimama mlangoni.

"Wewe ndiye mwanamke wa nyumba hii," akamwambia Sidonia.

Sidonia alimwosha mzee, akafua mashuka yake, akamnywesha maji ya dawa kijiko kwa kijiko. Beseni alilibeba mwenyewe kwenda kumwaga chooni. Ndivyo alivyoingia kwa mara ya kwanza tangu choo kilipoanza kutumika, na hakuna aliyetaja aibu. Mzee, ambaye hakuwahi kumtamkia neno ila kwa kupitia mwanawe, sasa alimwita kwa jina. "Sidonia, maji. Sidonia, nigeuze."

Akapona. Asubuhi moja alijikongoja na fimbo yake hadi chooni, akamkuta Sidonia anatoka, ananawa. Aligeuza uso, akarudi uani, akamwita Zablon.

"Mkumbushe mkeo."

Zablon alifungua kinywa, lakini Sidonia alimtangulia.

"Baba, nimekuosha kwa mikono hii."

Mzee aligeukia zizini. Alipojibu, alimjibu mwanawe.

"Nilikuwa mgonjwa. Sasa nimepona."

Sidonia alimtazama mumewe. Zablon akasema atamchimbia choo cha kwake baada ya mavuno, awe na subira.

Sidonia hakungoja. Siku ileile alichukua jembe na sururu, akaenda nyuma ya zizi, akaanza kuchimba. Mgongo ulimuuma, viganja vikachubuka, naye hakumwita mtu kumsaidia. Zablon alikuja akasimama pembeni, mikono nyuma. Alifikiri mkewe anatishia tu. Alipoona shimo limefika magotini, akamsogelea na kumwomba kwa sauti ya chini asichimbe mchana, majirani wasije wakauliza kulikoni.