Kabari ya Mwisho ya Gunterigo

Asubuhi ile mvua ilinyesha kama kawaida yake kule Asturias, kaskazini mwa Hispania, na kijiji kizima kiliona heri kulowa nje kuliko kuingia kanisani, chini ya paa jipya la mwashi Gunterigo. Hakuwalaumu. Paa lake la kwanza la mawe alikuwa ameliondolea upesi mbao zilizolishikilia, chokaa ikiwa bado mbichi, ili padri awahi sikukuu. Lilishuka lote, likamponda fahali wa padri. Tangu hapo hata watoto walimwita Fundi Kifusi.

Sasa padri alikuwa ameshasema: hili nalo likianguka, kanisa litaezekwa kwa mbao, na Gunterigo hatagusa jiwe tena. Kwa hiyo safari hii alichonga jiwe jepesi lenye matundu, lile la kwenye chemchemi, akaiacha chokaa ikauke mwaka mzima huku wakimcheka kwamba anaogopa kazi yake mwenyewe.

Desturi ya waashi haina huruma: aliyejenga ndiye agongaye na kuing'oa kabari ya mwisho inayoinua mbao chini ya paa, naye husimama chini ya alichokijenga. Gunterigo alishika nyundo.

"Fundi Kifusi," aliita Vimara seremala, kaka wa mkewe, akiwa mlangoni. "Mbao zangu za paa ziko tayari. Za jeneza pia."

"Zitunze, shemeji. Utajengea banda la kuku."

Mkewe, Ermesinda, akampita kaka yake na kikapu mkononi, akaketi katikati ya kanisa na kuanza kukata mkate. Gunterigo alimsihi atoke.

"Mwaka mzima nimekula chokaa yako kwenye uji," akasema. "Gonga, bwana, mkate unapoa."

Akagonga. Kabari ikaruka, kiunzi chote cha mbao kikashuka kidogo kwa mlio, vumbi likawamwagikia, na huko nje watu wakapiga yowe. Gunterigo akainua macho. Kati ya mbao na mawe palikuwa na uwazi wa kidole kimoja, kutoka ukuta hadi ukuta, na mwanga wa dirishani ukipita humo. Paa lilikuwa limejishika lenyewe. Akalia kwa furaha, wala hakujificha.

Watu wakamiminika ndani, wakipapasa kuta na kugombania mkate. Vimara alibaki mlangoni, maji yakimchuruzika puani.

"Fundi Gunterigo," akasema hatimaye, "kuna nafasi humo?"